Kichuguu ya Mama Ndani ya Ploti ya Mutu

Nikisema kichuguu ya mama yangu ilikuwa kubwa, watu wanafikiri nasema kubwa ya kawaida. Hapana. Ukipanda juu yake asubuhi, unaona Congo inapiga mswaki, unageuza shingo kidogo unaona Sudan inawasha moto ya chai. Mbuzi moja ilipanda pale ikiwa ndogo, ikashuka na wajukuu. Sawa, hii ya mbuzi nimeongeza. Lakini kidogo tu.

Hiyo kichuguu ilikuwa ndani ya estet ya tumbaku, upande wa Midia, pale unatoka Koboko na miguu na jua haijakuchosha. Kampani ilipanda tumbaku huku, ikapanda kalitusi kule, kuni ya kukaushia tumbaku, ikajenga laini, zile nyumba za mstari za wafanyakazi. Ndani ya laini ndio mimi nilizaliwa. Baba yangu alikuwa anachunga moto ya kukausha majani. Mama alikuwa anafunga majani kwa fito. Filimbi ya nyapara ikilia asubuhi, hata watu wa Congo walikuwa wanaruka kitandani na kutafuta jembe.

Sasa sikia kitu moja ya kwetu. Shamba ilikuwa ya kampani, lakini kichuguu zilikuwa za watu. Tangu wakati wa mababu iko hivyo: kichuguu yenye kumbikumbi iko na mwenyewe, kama vile ng'ombe iko na mwenyewe, na mutu mwingine hawezi kwenda kuvuna pale bila kuambiwa. Trekta ya kampani ilijaribu kuvunja ile yetu, jembe yake ikapinda kama kijiko ya plastiki kwa chai ya moto. Basi wakaacha, wakapanda tumbaku kuzunguka. Mvua ikianza, nyapara mwenyewe, na ukali yake yote, alikuwa anakuja kukaa kando ya mama na bakuli, mpole kama padri.

Baba alipooa, hakuwa na ng'ombe mingi, na shamba hakuwa nayo kabisa. Alikuwa na kichuguu moja, alipata kwa baba yake. Siku ya kumleta mama kwa laini, akamshika mkono, akampeleka pale, akasema, "Hii ni yako." Basi. Wanawake wengine wanapewa kitenge. Mama yangu alipewa mlima.

Na maisha yake yote, hiyo ndio kitu moja alikuwa anaita yangu. Nyumba ilikuwa ya kampani. Sufuria ilikuwa ya nyumba. Sisi watoto, akikasirika, tulikuwa wa baba yetu. Kichuguu ilikuwa yake, hata baada ya baba kufa.

Halafu kampani ikaenda zake. Filimbi ikanyamaza, Congo ikapata usingizi. Shamba, kumbe kampani ilikodi tu, ikarudi kwa mwenyewe, mzee moja anakaa Arua, suruali yake imepigwa pasi hata nyuma ya magoti. Sisi wa laini alituachia ile kipande ya laini, hiyo ni lazima niseme, roho yake haikuwa mbaya. Iliyobaki akasema atakata ploti, itakuwa mji. Tulicheka mpaka mbavu ikauma. Mji! Pale palikuwa na nyoka, kalitusi na mimi.

Akatuma savea, mutu wa kupima, mwenye miwani na ile chombo ya miguu tatu yenye jicho. Mimi nikapata kazi ya kuvuta kamba na kupiga vigingi. Kazi nzuri, unatembea tu na nyundo kama mkubwa. Tulipima siku tatu bila maneno, siku ya nne tukafika kwa kichuguu.

"Mzee," savea akaniambia, "hiyo kitu isogeze kidogo."

"Nisogeze mlima?"

"Inaziba. Kamba yangu inataka kupita pale."

"Bwana savea, hii hata trekta ilishindwa."

"Basi tutapita juu."

Akapanda na viatu vyake vya ngozi. Alifika katikati, ikateleza, akashuka na matako mpaka chini, miwani ikabaki juu peke yake inaangalia Sudan. Nikamletea. Nikamuuliza, "Kwa karatasi yako, kichuguu umeweka wapi?"

"Kwa karatasi hakuna kichuguu. Kwa karatasi iko ploti ya kona."

"Na hii umeteleza juu yake ni nini?"

Akapangusa suruali. Mutu msomi akishindwa, anapangusa suruali.

Nilipofika nyumbani, mama alikuwa anachambua mboga kwa mlango. Macho hakuinua. "Wamepima kichuguu yangu?"

"Wamepima ploti, mama."

"Sijauliza ploti."

Akanituma Arua kwa yule mzee. Nilipanda gari asubuhi, nikamkuta kwa veranda yake anakunywa chai na mikono mbili. Nikamweleza yote. Alisikiliza vizuri, akacheka polepole, akasema, "Kijana yangu, mimi nauza ardhi. Kumbikumbi siuzi." Akaniongezea chai, maneno ikaisha hapo. Mimi nilirudi nimenyong'onyea, najua tumeshindwa. Nikamwambia mama maneno yake vile ilivyo.

Mama akapiga paja. "Umesikia? Hakuuza!"

"Mama, yeye alikuwa anacheka tu."

"Acheke. Amesema hakuuza. Sasa niletee chumvi."

Basi estet ikaanza kuota nyumba. Mimi nimeona mahindi ikiota, nimeona uyoga ikiota, lakini sijaona kitu inaota haraka kama ukuta wa watu wenye hamu ya nyumba. Kalitusi ikaangushwa, barabara ya maramu, ile kokoto ya udongo, ikafunguliwa, nyekundu, ukivaa shati nyeupe unafika Koboko umekuwa tofali. Mabati ikang'aa mpaka kunguru wakaanza kufunga macho wakipita. Pale kulikuwa nyumba ya kukaushia tumbaku, ambapo baba yangu alitoa jasho yake, mutu akafungua saluni. Watu wakaja kutoka Koboko, kutoka Arua, na wengine mingi kutoka Sudan Kusini, wamechoka kupanga chumba na kuhamishwa kila wakati kama kuku. Mji ikakosa jina, tukaita tu Estet. Mutu anasema, "Mimi nakaa Estet," na kifua inatoka nje.

Ploti ya kona ikanunuliwa na mama moja wa Sudan Kusini, anauza samaki kavu kwa soko ya Koboko. Mwanamke mrefu. Fundi wa mlango alimpima urefu mara mbili, halafu akaenda kunywa maji. Alikuwa na cheko kubwa na mkono wazi, na kitu moja tu alitaka duniani: nyumba yake ya matofali, ambayo hakuna mutu atamwambia ondoka. Aliniambia hivyo mimi, mpiga matofali, siku ya kwanza, amesimama kwa majani, anaonyesha na mkono: hapa jiko, hapa vyumba za watoto. Halafu mkono wake ukaenda kwa kichuguu.

"Na hapa sebule. Fundi, wewe ndio unapiga matofali?"

"Ni mimi, mama. Tangu kampani iondoke, mikono yangu haijui kazi ingine."

"Udongo utatoa wapi?"

Mimi ningeweza kudanganya, lakini kila mpiga matofali anajua. Udongo ya pale ni mchanga mtupu, tofali yake ukiisalimia inavunjika. Udongo ya kichuguu inashika kama deni ya… hapana, inashika kama mkwe anadai mahari. Hakuna ingine nzuri. Na yeye alikuwa anajua, maana akasema mwenyewe, "Si iko hii kilima? Chimba hii. Unapata matofali, mimi napata nafasi."

Pale ndio ningesema kichuguu iko na mwenyewe. Mdomo yangu inaongea mchana wote kama redio ya duka, lakini ile siku betri ikaisha. Watu wa Estet walikuwa wanaleta matofali kutoka Koboko, mimi nilikuwa nimekaa bila kazi tangu mavuno. Nikasema, "Sawa, mama."

Nilimwambia mama yangu wakati wa kula. Nilianza na hadithi ya mbuzi, nikapita kwa savea, nikazunguka mpaka Arua, ndio nikafika kwa sebule. Alimaliza ugali yake. Akanawa. Akafuta mkono kwa nguo.

"Chimba," akasema.

"Kweli, mama?"

"Ile ya juu ni udongo tu. Yangu ni ile iko chini. Malkia usimguse."

"Mama, yule ataweka nyumba juu yake!"

"Aweke. Yeye ana yake juu, mimi nina yangu chini. Tutasalimiana."

Nikachimba. Mwezi moja nzima nilichimba, na kila jembe nilisikia kama nakata nywele ya mutu amelala. Nilifika mpaka usawa wa ardhi. Chini yake niliona ile tundu, nikajua chumba ya malkia iko hapo, mkono moja tu kwenda chini. Nikaweka udongo, nikakanyaga, nikapiga mluzi kama mutu hana habari.

Lakini yule mama wa samaki hakuwa mjinga. Alikuja asubuhi kabla ya soko, akasimama juu ya pale pale.

"Fundi. Malkia umetoa?"

"Malkia?"

"Dada yangu alijenga juu ya kichuguu, mchwa ikakula nyumba, ikakula sanduku, ikaacha kufuli tu. Umetoa?"

"Nimetoa, mama."

"Ulimwona na macho?"

"Na macho! Mkubwa hivi," nikapima na mkono mpaka kwa kiwiko, "mnene kama muhogo ya miaka mbili. Alinitazama. Nilimwomba msamaha nikamtoa."

Akacheka, akanishika bega, akaenda soko na roho safi. Mimi nilibaki na mkono yangu bado imepima muhogo hewani. Nimedanganya watu maisha yangu yote, na kila mutu anajua. Uongo yangu ya kila siku haina kazi, ni ya kuchekesha tu. Hii ya leo ilikuwa na kazi. Ndio maana ilikuwa nzito.

Nyumba ikasimama. Matofali ilitoka nyekundu kama nyanya, sakafu ya simiti nilimwaga mimi mwenyewe, na pale kwa kona ya sebule, juu ya malkia, sijui mkono yangu ilifanya nini, simiti ilienda nyembamba. Sisemi niliweka kwa makusudi. Sisemi pia sikuweka. Akapaka rangi ya bluu, akaweka viti na vitambaa vyeupe ya kushona na mkono, akapachika geti ya chuma. Watu wa Estet walikuwa wanapita polepole ili waangalie.

Mama yangu pia alikuwa anapita. Kila jioni, kikapu mkononi, mtupu. Anafika kwa geti, anasimama kidogo, anapiga mguu chini mara mbili kama mutu anabisha hodi kwa ardhi, halafu anarudi.

"Unasikia nini, mama?"

"Wanafagia."

Huyu mwanamke masikio yake haina mfano. Mimi nilikuwa sisikii wadudu, nilikuwa naangalia mawingu. Kila wingu likijikusanya upande wa Congo, natoka kwa mlango nainua shingo. Kumbikumbi isipotoka, mama amepoteza kitu yake moja. Ikitoka, yule mwenye nyumba amepoteza nyumba, na mimi nimepoteza uso. Mimi nilikuwa naomba mvua na naomba jua kwa sala moja. Hata Mungu lazima alisema, huyu kwanza aamue.

Mvua ikaja siku ya baraka ya nyumba. Siku gani ingine! Wamama wa kanisa walikuwa wamejaa sebule na nguo zao za sare, chai iko kwa meza, sambusa iko kwa sahani. Mvua ilipiga asubuhi, nzito, halafu saa sita jua ikatoka, na joto ikapanda kutoka kwa ardhi. Kumbikumbi zetu ni zile za mchana, na hiyo ndio hali inapenda. Mimi nilikuwa nje kwa veranda, nimepewa kikombe kama fundi wa nyumba, nakula sambusa ya tatu. Nikasikia mutu ndani anasema amina, halafu mwingine anasema, "Ni nini hii?"

Nikachungulia. Kwa kona, simiti ilikuwa imepasuka mstari moja kama tabasamu. Na kutoka kwa ile tabasamu kumbikumbi zilikuwa zinatoka, kwanza moja moja kama watu wanaingia kanisa wamechelewa, halafu kama kanisa imefunguliwa. Mabawa ilijaa dirisha mpaka chumba ikawa giza. Zilikaa kwa vitambaa, kwa chai, kwa kofia za wamama. Kumbikumbi nene! Moja ilianguka kwa sahani, sahani ikapasuka. Hii nimeongeza. Sahani iliangushwa chini, ikapasuka kwa sababu mimi nilikanyaga.

Wamama wengine walikimbilia nje. Wengine, sisemi jina, walikuwa tayari wamekunja nguo na wanatafuta bakuli.

"Hodi," sauti ikasema kwa geti.

Mama yangu. Kikapu kwa kichwa, fimbo mbili mkononi, zile za kugonga ili kumbikumbi ifikiri mvua bado inanyesha. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisa. Sijui alijua aje, hakuna mutu alimwita.

Mwenye nyumba akatoka kwa mlango na mabawa kwa nywele. "Karibu, habuba," akasema, vile kwao wanaita bibi, "lakini leo rudi tu. Nyumba yangu iko na shida."

"Najua hiyo shida," mama akasema. "Ni yangu."

Yule mwanamke akamtazama mama, akatazama kikapu, akatazama fimbo. Halafu akageuza ile shingo ndefu, akanitazama mimi.

"Fundi."

"Mama."

"Malkia ulitoa. Kama muhogo ya miaka mbili."

"Mama, ile siku…"

"Alikutazama. Ukamwomba msamaha. Sasa huyu wa chini ni nani? Dada yake?"

Wamama wa kanisa wakashika midomo. Mimi nilitafuta neno, mimi ambaye maneno inanitoka hata nikilala, nikapata moja tu: "Samahani."

"Usimlaumu yeye peke yake," mama yangu akasema. "Uongo ni yake. Lakini mimi ndio nilimkataza kumgusa. Binti yangu, nisikilize, halafu ukitaka nifukuze." Akashusha kikapu, akaeleza, pale kwa geti, mabawa ikipita kwa uso yake. Akaeleza siku ya kuolewa, baba akimshika mkono. Hakuongeza hata kidogo. Sijui mimi nilizaliwa na nani. Mwisho akasema, "Nyumba yako siitaki. Ploti siitaki. Mimi nina hii tu."

Yule mama wa samaki alikaa chini kwa ngazi ya nyumba yake mpya. Alichukua kumbikumbi moja kwa goti, akaishika na vidole viwili, akaizungusha.

"Kwetu pia kichuguu iko na mwenyewe," akasema. "Bibi yangu alikuwa na yake, nyuma ya nyumba. Tulipokimbia vita tuliiacha na mabawa chini, tulikuwa tumevuna jana yake. Sijui nani anavuna sasa." Akaondoa mabawa, akaitia mdomoni mbichi, akatafuna polepole. Halafu akavua viatu vyake vya sherehe, akaviweka kando vizuri. "Habuba, ingia. Fimbo moja nipe mimi."

Waligonga pamoja, sakafu ya simiti ikilia ko-ko-ko, mpaka beseni tatu ikajaa. Mama akagawa yeye mwenyewe: ya kwake, ya mwenye nyumba, na bakuli kwa kila mama wa kanisa. Mimi nilipewa ufagio.

Usifikiri niliponyoka. Kesho yake asubuhi mwenye nyumba aliniita na nyundo. "Fundi, utabomoa hii kona. Utajenga ukuta hapa, ukate chumba. Sakafu yake udongo. Mlango yake iangalie nje, sio kwangu. Na kwa upande wangu utaweka mawe chini mpaka mchwa ichoke, na fremu zote chuma."

"Na kazi hii, pesa yake…" nikaanza.

Akainua mkono yake, akapima kutoka kidole mpaka kiwiko, akanitazama.

Nikachukua nyundo.

Basi leo, ukienda Estet, utaona nyumba ya bluu yenye chumba ndogo kwa kona, haina dirisha, haina simiti, mlango inaangalia barabara. Wageni wanafikiri ni choo. Ufunguo iko kwa mama yangu, amefunga kwa kamba ya shingo. Mvua ikinyesha anakwenda na kikapu, na yule mwenye nyumba akiona hiyo mvua kule soko anafunga meza yake mapema. Wanasaga kumbikumbi pamoja kwa jiwe, na wananisema mimi.

Juzi savea alirudi kupima tena, kwa sababu ya karatasi ya mwisho ya ploti. Miwani mpya. Alifika kwa kona, akasimama.

"Hii chumba ya nini?"

"Ya habuba," mwenye nyumba akasema. "Andika."

"Siwezi kuandika hivyo. Kwa karatasi ni nyumba moja, mwenyewe moja."

"Mwenyewe moja, sawa. Lakini chora ile chumba, uchore na mlango yake."

Akachora, alikuwa na haraka. Mwenye nyumba akamwita mama yangu aone, kwa heshima tu, maana mama hasomi na mimi sisomi. Mama alikuwa ametoka kusaga, mkono bado iko na mafuta ya kumbikumbi. Akauliza, "Yangu ni wapi?" Savea akaonyesha na kalamu ile mraba ndogo. Mama akaweka kidole gumba pale katikati, akakandamiza vizuri, kama mutu anaweka mbegu.

Savea aliruka, lakini karatasi ilikuwa imekunywa mafuta. Alipangusa na leso, alipuliza, aliweka kwa jua. Wapi! Mafuta ya kumbikumbi yetu haitoki. Alikunja karatasi na doa yake, akapanda pikipiki, akaenda nayo ofisini.